Wakunga mliofanya kazi leba kipindi cha korona, nini kiandikwe kwenye mpango wa dharura ujao?

Mkunga_Chipukizi ameandika:

Habari zenu wadau, hasa wakunga wenzangu. Naombeni tusaidiane kwenye hili. Nimewekwa kwenye kamati ndogo kazini inayoandaa mpango wa dharura wa wodi ya wazazi, yani likija gonjwa jingine kama korona tusianze kuhangaika upya. Rasimu niliyopewa nimeisoma yote. Ina vitanda, ina barakoa, ina namba za kupiga, ina mchoro wa nani anaripoti kwa nani. Mkunga hayumo kabisa, anatajwa kwenye mgawanyo wa zamu basi, na mjamzito anatajwa kama mgonjwa mwingine tu wa kutengwa.

Mimi nilimaliza shule gonjwa likiwa linaelekea ukingoni, leba niliyoikuta ilishaanza kurudi kwenye hali yake, kwahiyo mengi nimeyasikia kwa wakubwa wangu na wengi wao ukiwauliza wanakwambia "acha tu mdogo wangu, yale yamepita", wananyamaza. Sasa siwezi kuandika ukimya kwenye mpango.

Mambo ya kunawa mikono na kukaa mbalimbali yapo tayari humo. Nataka yale ambayo aliyekuwa ndani ya chumba ndio anayajua. Nini kilikuwa kigumu ambacho hakuna mwongozo ulikitaja? Na nyie mliojifungua kipindi kile, na wakunga mlioacha kazi, pia karibuni mseme, manake mpango ni wa kwenu vilevile.

Mama_wa_Leba amejibu:

Ahsante mdogo wangu kwa kuuliza, maana hatujaulizwa. Mimi nilikuwa leba tangu gonjwa linaanza mpaka linaisha. Naanza na lililoniuma kuliko yote, nalo ni la msindikizaji.

Shirika la Afya Duniani lilisema hili ni janga la dunia tarehe 11 Machi 2020, na haikupita muda sehemu nyingi matangazo yakabandikwa milangoni, mjamzito anaingia peke yake. Mume arudi, mama mzazi arudi, dada arudi. Sasa fikiria mtu ana mimba yake ya kwanza, uchungu umemkamata, anaingia chumba ambacho kila mtu kafunikwa uso, hajui huyu anayekuja kamkunjia sura au anamchekea, na mkono pekee wa kuushika ni wangu uliovaa glavu mbili. Nikawa mkunga, nikawa mama yake, nikawa dada yake, na huku kitanda cha pili kuna mwingine njia inakaribia kufunguka yote. Watu wanadhani msindikizaji kazi yake kukaa tu pale. Yule ndiye anayemkanda mgongo, anampa maji, anamkumbusha kupumua, na ndiye anayekuja mbio kukuita akiona damu imezidi. Ukimtoa, umetoa jicho chumbani. Hilo la jicho naomba liandikwe, manake wakubwa ukiwaambia habari ya huruma wanakwambia sio wakati wake, ila ukiwaambia usalama wanasikiliza.

Na barakoa zenyewe. Tulimpata mama mmoja asiyesikia, alizoea kusoma midomo ya watu, na sote tumeziba. Mwenzangu akachukua makaratasi na kalamu nene akawa anaandika maneno makubwa anamwonyesha. SUKUMA. PUMZIKA. KICHWA KINAONEKANA. Yule mama akawa anatingisha kichwa, anafanya, anasubiri karatasi inayofuata. Alizaa salama. Lakini ile ilikuwa akili ya mkunga mmoja usiku ule, haikuwepo kwenye mwongozo wowote, na angekuwa zamu mtu mwingine sijui ingekuwaje.

Alafu kuna waliopoteza watoto. Mama anafanyiwa atrasaundi, daktari anasema mapigo hayaonekani, na yuko peke yake kitandani, mume yuko nje ya geti anasubiri simu. Simu anapiga nani? Nilipiga mimi, nikaweka sauti kubwa nikamshikia mama sikioni, akawa hawezi kuongea, yule baba anauliza "vipi? vipi?" na mimi ndio nikamjibu. Habari kama ile haitakiwi kupita kwenye simu ya mkunga. Kwenye mpango wako andika kwamba mama aliyefiwa tumboni anaruhusiwa mtu wake bila mjadala, gonjwa liwe gani.

Na kinachouma zaidi ni kwamba mwongozo wa Shirika hilo hilo la Afya ulisema mapema kabisa kuwa kila mjamzito, hata aliyeambukizwa, awe na msindikizaji anayemtaka yeye. Karatasi ya juu inasema hivi, tangazo la mlangoni linasema vile. New York Machi hiyohiyo ya 2020 baadhi ya hospitali zilikataza wasindikizaji, akina mama wakapaza sauti mpaka serikali ya jimbo ikaagiza waruhusiwe, na mwezi ulikuwa haujaisha. Kwahiyo liliwezekana.

Zamu_ya_Usiku amejibu:

Mama wa Leba shikamoo. Uliyosema yote nayakubali kwa moyo ila la msindikizaji naomba tutofautiane kidogo. Leba niliyokuwa nafanya kazi ni chumba kimoja kirefu, kitanda na kitanda katikati pazia. Ukiruhusu kila mama na mtu wake umejaza watu mara mbili kwenye hewa ileile, madirisha madogo, na barakoa zenyewe wafanyakazi tunagombania. Wasindikizaji wakipewa wanatoa wapi? Inchaji wetu, mkuu wa wodi, alizuia na mimi nilimuunga mkono wakati ule, tulikuwa tumeshapoteza mwenzetu. Sio roho mbaya, ilikuwa hofu na jengo bovu.

Ila mtoa mada, mimi nataka niongelee vifaa maana hapo ndo kwenye kidonda changu. Barakoa nzito zile zinazochuja vizuri zilikuwa adimu dunia nzima, zikapelekwa kwanza kwa wanaoweka watu mipira ya kupumulia, leba tukapewa zile nyepesi kwa hoja kwamba kuzaa hakurushi chembechembe za hatari hewani. Kulikuwa na mjadala mrefu kabisa kama hatua ya pili ya uchungu, ile ya kusukuma, ihesabiwe kuwa inarusha chembechembe au isihesabiwe. Sisi wakati mjadala unaendelea tumeinama mbele ya mama anayehema kwa nguvu zake zote, anapiga kelele, anakohoa, na uso wako uko pale karibu kwa sababu mtoto unampokea kwa mikono, hakuna namna ya kumpokea ukiwa mbali. Na waliokuwa wanaamua hawakuwahi kumuuliza mkunga hata mmoja anakaa umbali gani.

Kingine ni vitu vidogo ambavyo hakuna alivyowaza. Fetoskopu, ile pembe ya kusikilizia mapigo ya mtoto, unaweka upande mmoja tumboni upande mwingine sikioni. Sasa umevaa kofia imefunika masikio na juu yake ngao ya plastiki usoni, unasikilizaje? Ngao inagonga pembe, unasikia mkwaruzo wa plastiki tu, mapigo huyapati. Wenye dopla, kile kifaa cha betri kinachotoa mapigo kwa sauti, walipona, tusiokuwa nayo tulikuwa tunafunua ngao tunainama, yani kinga unaitoa pale pale unapomkaribia mama zaidi. Andika dopla. Andika na betri zake, na mahali pa kuzichajia.

Miwani nayo inajaa ukungu. Mama amechanika unatakiwa kushona, huoni, huwezi kufuta kwa glavu zenye damu, unanyoosha mgongo unasubiri ukungu upungue na mama wa watu amelala miguu juu anakusubiri. Maji hunywi tangu umeingia zamu kwa sababu ukienda msalani gauni umelivua na gauni jingine hamna. Kulikuwa na mwenzetu mjamzito anafanya hivyohivyo, mpaka alipoishiwa nguvu pale kwenye meza ya dawa ndo akaondolewa kwenye chumba cha waliotengwa. Mkunga mjamzito apangiwe kazi nyingine kabla hajaomba, hilo liwe sharti.

Na kubwa ni dakika za kuvaa. Kengele imelia, mama wa chumba cha kutengwa anatoka damu baada ya kujifungua, na wewe uko nje unafunga kamba za gauni. Suluhisho la hilo tulilipata baadae sana. Kila zamu mmoja anakuwa ameshavaa, yuko ndani au mlangoni, na mwingine hajavaa kazi yake ni kukimbia, kuleta, kupiga simu, na haingii. Nje ya mlango kuna boksi limeshapangwa, oksitosini, dripu, glavu ndefu, katheta, kila kitu cha kutokwa damu, na jingine la kifafa cha mimba. Alafu tukafanya mazoezi tukiwa tumevaa hivyohivyo. Mazoezi haya ni muhimu mno, mtu anaweza kuwa anajua kukanda kizazi vizuri sana lakini akiwa na glavu mbili, haoni vizuri, na sauti haitoki, anagundua hajui amuombe nani nini. Tulikubaliana kila anayepewa agizo alirudie kwa sauti.

Mkunga_Chipukizi ameandika:

Zamu_ya_Usiku ahsante sana, pole sana kwa mwenzenu. Hilo la fetoskopu na ngao nimelipeleka kwa inchaji leo akabaki ananiangalia, amekaa leba miaka mingi na anasema ndivyo ilivyokuwa ila hakuna aliyewahi kuliandika. Endeleeni tafadhali.

Bi_Kliniki amejibu:

Wengi mtaongelea leba, mimi niongelee kliniki ya wajawazito maana mengi yaliyowafikia leba yalianzia kwetu.

Tangu 2016 tunaambiwa mjamzito aonane na mhudumu angalau mara 8. Gonjwa lilipoingia mahudhurio yakapunguzwa na mengine yakawa ya simu. Benchi zikabaki tupu. Simu ni msaada, siikatai, ila simu haipimi presha, haipapasi tumbo. Mama anakwambia "niko sawa tu, miguu imevimba kidogo" na wewe huko uliko huoni hiyo kidogo ni ya namna gani. Wengine hawakutaka kuja hata tulipowaita, walikuwa wanasema hospitali ndiko ugonjwa uliko. Wakawa wanakuja mwisho kabisa, presha iko juu, mtoto hachezi tangu juzi, au maumivu makali ya tumbo aliyavumilia nyumbani kumbe ni mimba imetunga nje ya kizazi na imeshapasuka. Hii sio mimi nilivyoona tu. Kuna uchambuzi ulichapishwa kwenye Lancet Global Health mwaka 2021, ulikusanya tafiti za nchi nyingi, ukakuta watoto wanaozaliwa wameshafariki waliongezeka, vifo vya akina mama viliongezeka, na hizo mimba za nje ya kizazi zilizopasuka ziliongezeka, na walioumia zaidi ni wa nchi zenye kipato kidogo. Wengi wa hawa hawakufa kwa korona, walikufa kwa vitu tunavyovijua miaka yote.

Na jambo jingine ambalo ningependa liingie kwenye huo mpango hata kama litaonekana haliendani. Kliniki ndio sehemu pekee ambayo wanawake wengi wanakaa na mtu chemba bila mume. Pale ndipo ukiona michubuko unauliza taratibu. Tulipohamia kwenye simu, napiga, namuuliza "nyumbani kuna amani?" na nasikia kabisa mtu anapumua pembeni yake. Anajibu "ndio nesi, amani ipo". Ningefanyaje? Katibu Mkuu wa Umoja wa Mataifa alitoa wito Aprili 2020 kuhusu vipigo majumbani wakati watu wamefungiwa, sisi tulikuwa tunavisikia kwenye simu na hatukuwa na mlango wa kumfungulia mtu. Baadae nilianza kuuliza maswali ya kujibu ndio au hapana tu, ili asilazimike kusema neno, na nikisikia vibaya namwambia mkojo wako unatakiwa kupimwa tena, njoo mwenyewe. Huo ndio ulikuwa mlango. Kwahiyo hata kliniki ikipunguzwa, ibaki siku ambayo kila mjamzito anaonwa ana kwa ana, peke yake.

Pia kila homa ikawa korona. Mama chupa imepasuka siku mbili, ana homa, tumbo linauma ukiligusa, maji yananuka, anasukumwa kwenye chumba cha kutengwa asubiri majibu ya kipimo, wakati maambukizi ya kizazi yanataka antibayotiki saa hiyohiyo. Mwenye kifafa cha mimba naye anaweza kushindwa kupumua vizuri mapafu yakijaa maji. Kwahiyo mpango useme kutengwa hakusimamishi uchunguzi, na anayemchunguza awe mkunga au daktari wa uzazi, asiachwe mikononi mwa mtu wa mlangoni mwenye kipimajoto.

Nilijifungua_Mei amejibu:

Mimi sio mkunga, nilizaa Mei 2020. Nilichokumbuka zaidi ni kwamba sikuwajua walionizalisha. Wanaingia wanatoka wote wamefanana, gauni moja, macho tu. Alafu akaja mmoja kaandika jina lake kifuani kwa kalamu kubwa, na chini kaandika MKUNGA WAKO. Nilijisikia tofauti kabisa, nikawa namwita kwa jina. Kalamu tu ile. Kama inaweza kuwa sheria iwe sheria.

Nyingine, mwanangu alichukuliwa akapelekwa chumba kingine kwa sababu kipimo changu kilikuwa hakijarudi. Kilikuja kurudi sina kitu. Sikumshika, sikumnyonyesha siku ya kwanza. Mpaka leo nikimnyanyua najiuliza alijisikiaje pale. Naomba kuuliza, ilikuwa lazima?

Mama_wa_Leba amejibu:

Mwanangu Nilijifungua_Mei pole sana. Nakujibu wazi, haikuwa lazima. Mwanzoni kabisa sehemu kadhaa duniani walikuwa wanatenganisha, China ilikuwa hivyo, watu walikuwa hawajaujua ugonjwa na waliogopea watoto. Ila Shirika la Afya Duniani tangu mwanzo msimamo wake ulikuwa mtoto alazwe kifuani kwa mama ngozi kwa ngozi na anyonye, mama avae barakoa na anawe mikono, hata kama ameambukizwa. Kumtenganisha kuna hatari zake, mtoto anapoteza joto, maziwa yanachelewa, na mtoto njiti ndo anaumia zaidi. Tatizo sehemu nyingi waliandika kanuni siku za hofu kisha hawakurudi kuifuta hata ushahidi ulipokuja. Wewe hukumkosea mtoto kitu. Uliambiwa ukatii.

Mtoa mada hapo pana jambo kubwa. Kila katazo kwenye mpango wako liwe na tarehe ya kuisha. Wiki mbili zikifika likaguliwe, na asiyeweza kueleza kwa nini liendelee, linafutwa.

Na Zamu_ya_Usiku marahaba mwanangu. Nimekusoma. Jengo lako nalielewa, na la mwenzenu limenigusa. Lakini angalia, mliona msindikizaji ni mtu wa ziada ndio maana akawa wa kwanza kukatwa. Kama angehesabiwa tangu siku ya kwanza kwenye mahitaji ya barakoa, kama anavyohesabiwa mkunga, barakoa zake zingeagizwa. Ukiagiza vifaa kwa hesabu ya wafanyakazi peke yake, siku ya gonjwa atakosa tu.

Zamu_ya_Usiku amejibu:

Hapo mama nimekubali. Mtu mmoja, yuleyule mwanzo mwisho, habadilishwi, haingii na kutoka, anakaa kwenye pazia la mtu wake, na barakoa yake iko kwenye bajeti. Hilo naliafiki. Ila madirisha yafanyiwe kazi kabla, sio tusubiri gonjwa.

Niliyeondoka amejibu:

Nimefikiria sana kama niandike. Mimi niliacha ukunga baada ya gonjwa. Mtoa mada umesema hata walioacha karibu, kwahiyo nimekaribia.

Mwaka 2020 ulikuwa umetangazwa kuwa Mwaka wa Kimataifa wa Wauguzi na Wakunga, miaka 200 tangu azaliwe Florence Nightingale. Tulikuwa tumejiandaa kuusherehekea. Badala yake baadhi yetu tukatolewa leba tukapelekwa wodi za waliokuwa wanakufa kwa kukosa pumzi, tukaambiwa nyie pia ni wauguzi. Waliobaki leba wakawa wachache na wajawazito hawakupungua hata mmoja, manake upasuaji wa nyonga unaweza kuahirisha, mtoto anayekuja huwezi kumwambia asubiri. Hili ningetaka liwe mstari wa kwanza wa huo mpango wako. Wakunga wasihamishwe. Wodi ya wazazi haina msimu mdogo.

Upungufu ulikuwepo tangu zamani. Ripoti ya hali ya ukunga duniani iliyotoka 2021 ilisema dunia inakosa wakunga 900,000. Yani tuliingia vitani tukiwa pungufu kiasi hicho, alafu tukapunguzwa tena.

Kilichoniondoa mimi sio hofu ya kufa. Ni kwamba nilikuwa nafanya ukunga ambao sio niliousomea. Nilifundishwa kukaa na mama, kumgusa, kumsubiri. Nikawa naingia chumbani haraka natoka haraka kwa sababu tumeambiwa tupunguze muda wa kuwa karibu, na mama ananiangalia kama anataka kuniomba nibaki, na mimi najua anachotaka, na natoka. Mara ya kwanza inauma, unajiambia ni kanuni. Ikishakuwa kila zamu unaanza kuwa mtu mwingine. Nyumbani nako watoto nawazuia wasinikimbilie mpaka nimeoga, nalala chumba changu, majirani wananipungia kwa mbali. Hakuna mahali nilipokuwa naguswa na mtu.

Watu walipiga makofi, nawashukuru. Lakini hakuna aliyekuja kutukalisha chini kutuuliza mmebeba nini. Kipindi cha dharura kilitangazwa kuisha tarehe 5 Mei 2023, na tarehe 5 Mei ndio siku ya wakunga duniani. Mimi siku hiyo nilikaa nikangoja nisikie kama kuna atakayeliona hilo na kutusemea. Hospitali niliyokuwepo walitutumia ujumbe wa kurudi kwenye ratiba za kawaida.

Kwahiyo andika hivi, baada ya kila zamu yenye kifo au dharura kubwa watu wakae pamoja hata robo saa, wazungumze, na wawe ndani ya muda wa kazi wanaolipwa. Sio semina ya siku moja gonjwa limeshaisha.

Mwanafunzi_Mwaka3 amejibu:

Sisi tulikuwa wanafunzi tukarudishwa nyumbani, mafunzo ya vitendo yakasimama, tukawa tunasoma kuzalisha kwenye kompyuta. Tulivorudi tukapewa wodi na mtu anakutegemea kama umekamilika kumbe baadhi ya vitu hujawahi kuvishika kwa mkono. Ukiandika mpango usitusahau, wanafunzi wa mwaka wa mwisho waachwe wabaki na wapewe vifaa kinga kama wengine, ndio mikono mnayoikosa hiyo.

Bi_Kliniki amejibu:

Nyongeza kidogo baada ya kumsoma Niliyeondoka (dada yangu, nimekusoma mara mbili, ahsante kwa kuandika).

Haya yote tulikuwa tumeshaonywa. Ebola ya Afrika Magharibi kati ya 2014 na 2016, Guinea, Liberia na Sierra Leone, watu zaidi ya 28,000 waliugua na zaidi ya 11,000 wakafariki, na wakunga wamo. Kuzalisha ni damu na majimaji, na ebola inapita humohumo. Zaidi ya hapo dalili za ebola kwa mjamzito zinafanana na mimba kuharibika, kwahiyo kila aliyekuja anatoka damu aliogopwa, na wanawake wenyewe wakaogopa kwenda. Wengine walikufa na matatizo ya kawaida ya uzazi kwenye nchi zilizokuwa na ebola. Ni yaleyale ya korona. Kwahiyo mtu akikwambia hakuna aliyejua mambo yatakuwa hivi, mwambie wakunga walijua, na wapo walioyaishi.

Na la chanjo. Majaribio ya mwanzo ya chanjo za korona hayakuwajumuisha wajawazito. Kwahiyo chanjo zilipokuja mjamzito anakuuliza "nichome nisichome?" na wewe unashika karatasi iliyosema ushahidi hautoshi. Wiki chache mbele maelezo yanabadilika. Ushahidi ulipokuja ukaonyesha ni salama na mtoto anapata kinga kutoka kwa mama, tayari wengi walishaamua kukataa, na mjamzito akiipata korona vibaya hatari ya kuingia ICU na kuzaa kabla ya wakati ni kubwa kuliko asiye mjamzito. Hilo halitatuliwi na kamati yenu lakini andikeni angalau nani anawapa wakunga majibu mapya kila wiki, kwa maandishi, kabla mama hajasikia mtandaoni.

Mkunga_Chipukizi ameandika:

Jamani nimesoma yote, nyingine nimesoma nikiwa zamu ikabidi nitoke nje kidogo.

Mpaka sasa nimeshaingiza haya kwenye rasimu. Wakunga hawahamishwi. Msindikizaji mmoja anahesabiwa kwenye vifaa. Aliyefiwa anapewa mtu wake. Mtoto anabaki kifuani kwa mama. Kila katazo lina tarehe ya kukaguliwa. Dopla na chaji. Maboksi mlangoni na mazoezi mkiwa mmevaa. Jina kifuani, na karatasi za maneno makubwa kwa wasiosikia. Kliniki ya ana kwa ana. Robo saa ya kuzungumza. La wanafunzi nalo nimeliandika.

Dada Niliyeondoka la kwako nimelipeleka kama ulivyoliandika, bila jina, na mwenyekiti amesema litasomwa kwenye kikao.

Zamu_ya_Usiku nina swali moja limebaki. Kwenye kamati wameniuliza yule anayekaa nje ya mlango bila kuvaa, kama wakunga zamu nzima ni wawili tu, anatoka wapi?

Zamu_ya_Usiku amejibu:

Swali zuri na ndipo tulipokwama hata sisi. Sio lazima awe mkunga. Kwetu alikuwa dada wa usafi wa wodi, tulimfundisha boksi lipi ni la nini kwa rangi, namba gani za kupiga na maneno gani ya kusema, "damu nyingi, chumba cha kutengwa, njooni sasa". Alikuwa mwepesi kuliko sisi wote. Ila apewe mafunzo rasmi, apewe barakoa kama zetu, na alipwe posho ya dharura kama tunayolipwa, kwetu hakulipwa na tuliligombea hatukushinda. Na ukiwaambia kamati wakunga wawili zamu nzima, waulize kwanza wao wanaona ni sawa hata siku ambayo hakuna gonjwa lolote?